Joto la Mtoto Lina Zamu Zake

Askari yeyote aliyewahi kushika lindo la usiku anaijua saa kumi ya alfajiri. Hakuna adui aliyeonekana, mvua haikunyesha, na koti ni lile lile la saa nne usiku; hata hivyo baridi humwingia mtu mifupani, macho huwa mazito, na dakika moja huwa ndefu kama saa nzima. Walioko Mbale husema ni umande ushukao kutoka Mlima Elgoni, na walioko Jinja husema ni upepo wa ziwani. Umande na upepo vina sehemu yake, lakini sababu nyingine imo mwilini mwa askari mwenyewe. Katika saa hiyo joto la mwili wa binadamu huwa limeshuka mpaka karibu na chini kabisa ya mzunguko wake wa siku.

Jambo hilo hilo humpata mtoto wake aliyelala nyumbani. Joto la mtoto hupanda na kushuka kila siku kwa utaratibu, nao mchezo wa mtoto huongeza juu ya utaratibu huo joto jingine. Katika makala hii tunakusudia kueleza utaratibu huo kwa wazazi walio jeshini na polisi, kwa kuwa mzazi asiyeujua aweza kumnywesha dawa mtoto mzima, na, lililo baya zaidi, aweza kumwacha nyumbani mtoto mgonjwa akidhani kwamba amepona.

SAA ILIYOMO MWILINI

Watu wengi walifundishwa shuleni kwamba joto la mwili ni digrii 37 za sentigredi. Hesabu hiyo ilienezwa na daktari Mjerumani, Carl Wunderlich wa Leipzig, katika kitabu alichokitoa mwaka 1868 baada ya kupima wagonjwa wapatao 25,000. Lakini Wunderlich mwenyewe hakusema kwamba joto husimama mahali pamoja kama bendera kwenye mlingoti. Alieleza kwamba huwa chini asubuhi na huwa juu jioni. Mwaka 1992 madaktari wa Marekani walirudia kazi hiyo kwa watu wazima 148 wenye afya, wakiwapima mdomoni. Waliona kwamba kipimo cha juu cha mtu mwenye afya kilikuwa digrii 37.2 saa kumi na mbili asubuhi, lakini saa kumi jioni kilifika digrii 37.7. Basi hesabu moja ya kipimajoto yaweza kuwa na maana mbili, kwa kutegemea saa iliyopimwa.

Yawezekana msomaji akauliza: je, si jua tu linalotupasha joto mchana na usiku ukatupoza? Swali hilo lilijibiwa zamani. Mwaka 1938 mtaalamu Nathaniel Kleitman, pamoja na kijana aliyekuwa akifanya naye kazi, Bruce Richardson, waliingia katika pango kubwa la Mammoth huko Kentucky, Marekani, wakakaa humo siku 32. Ndani ya pango hamna jua, na ubaridi wake haubadiliki mchana wala usiku. Wakajaribu kuishi kwa siku yenye saa 28 badala ya 24. Mwili wa kijana ulikubali amri hiyo mpya, lakini mwili wa Kleitman ulikataa. Joto lake liliendelea kupanda na kushuka kwa saa 24, kana kwamba bado linaliona jua.

Leo twajua kwamba saa hiyo imo ndani ya ubongo, katika kundi dogo la chembe lililoko juu ya mahali ambapo mishipa ya macho yote mawili hukutana. Kila asubuhi nuru inayoingia machoni huirekebisha, kama vile askari anavyoirekebisha saa yake kabla ya operesheni. Wanasayansi watatu Wamarekani waliogundua jinsi chembe zinavyohesabu muda, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2017.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna bahati mbili katika jambo hili. Ya kwanza ni kwamba tupo karibu na mstari wa ikweta, ambako urefu wa mchana haubadiliki sana mwaka mzima. Ya pili ni kwamba lugha yetu ya Kiswahili huanza kuhesabu saa tangu kuchomoza kwa jua, na mwili nao huitengeneza saa yake kwa nuru ya jua hilo hilo.

MTOTO HAZALIWI NA ZAMU

Mtoto mchanga hazaliwi na utaratibu huu ukiwa kamili. Katika majuma ya kwanza hulala na kuamka bila kujali usiku wala mchana, na joto lake halina kupanda na kushuka kunakotambulika. Afikapo miezi miwili au mitatu hivi, joto lake huanza kushuka usiku kwa mpango, na usingizi wake wa usiku huanza kurefuka. Akiwa mkubwa wa kutembea na kukimbia, tofauti kati ya alfajiri na jioni huweza kufika nusu digrii hadi digrii moja nzima.

Kutokana na hayo, mtoto aliye chini ya miezi miwili asihesabiwe kwa kanuni za wakubwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2014 ulisema kwamba mtoto wa umri huo mwenye joto la kwapani la digrii 37.5 au zaidi, au lililo chini ya digrii 35.5, ana dalili ya ugonjwa mkali. Huyo hangojewi mpaka jioni wala mpaka asubuhi. Apelekwe hospitali mara moja.

MCHEZO NI TANURI

Sasa tuje kwenye mchezo. Msuli unapofanya kazi, karibu robo tu ya nguvu ya chakula hugeuka kuwa mwendo. Sehemu iliyobaki hugeuka kuwa joto. Ndiyo maana kuruta aliyekimbia na bunduki hutoka jasho hata asubuhi yenye ukungu. Mtoto naye, akikimbia mwendo ule ule wa mtu mzima, hutumia nguvu nyingi zaidi kwa kila kilo ya mwili wake. Mtoto mwenye afya akicheza kwepena, akiruka kamba, au akiufukuza mpira wa majani ya mgomba kwa muda wa saa nzima, joto lake laweza kupita digrii 38 bila ya ugonjwa wowote. Akipumzika kivulini na kunywa maji, joto hilo hushuka tena.

Hata hivyo mchezo sio unaoziunda zile zamu za mwili. Mtu akilazwa kitandani mchana kutwa, joto lake bado litapanda jioni na kushuka alfajiri. Saa ya mwilini ndiyo hutoa amri, na mchezo huongeza tu kuni katika tanuri. Ugumu kwa mzazi ni kwamba mambo mawili huangukia saa moja. Kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni, mwili huwa umefika kilele cha joto lake kwa kawaida yake. Na hiyo ndiyo saa ambayo watoto wametoka shule, jua limepungua ukali, na viwanja vimejaa.

Hapo pana jambo jingine ambalo wazazi wengi hawalitii maanani. Mtoto anayeacha kucheza hutoa habari, sawa na mtoto anayechemka. Mwaka 1972 watafiti Rutishauser na Whitehead walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya watoto wa vijijini hapa Uganda, wenye umri wa mwaka mmoja hadi mitatu. Waliona kwamba watoto hao walipata chakula chenye nguvu ndogo, na kwamba walicheza na kutembea kidogo kuliko watoto wa Kizungu waliolinganishwa nao. Mwili usiopata posho ya kutosha hupunguza matumizi, na hukata kwanza mchezo. Mtoto aliyedhoofika sana kwa utapiamlo hushindwa hata kulinda joto lake la usiku; akipimwa kwapani akaonekana yuko chini ya digrii 35, yu hatarini kama yule mwenye homa kali. Kwa hiyo tusimsifu mtoto kwa kuwa ametulia siku nzima, kabla hatujauliza sababu ya utulivu wake.

MFANO WA NKOMA

Tuchukue mfano wa nyumba moja katika mtaa wa Nkoma, Mbale. Baba ni konstebo, mama ana kibanda sokoni, na mtoto wao ana umri wa miaka minne. Katika nyumba kama hii makosa mawili huweza kutokea, na yote mawili huanzia katika kutozijua zamu za joto.

Kosa la kwanza hutokea jioni. Mtoto anaingia mbio kutoka uwanjani, uso umemwiva, kichwa kinaunguza. Mama anamgusa, anashtuka, na kaka mtu anatumwa dukani kununua dawa ya malaria. Kumbe mtoto alikuwa na joto la mchezo juu ya joto la jioni. Dawa hiyo imepotea bure, na hasara yake haiishii kwenye mfuko wa baba. Mwaka 2021 watafiti walitangaza kwamba kaskazini mwa Uganda wamepatikana vimelea vya malaria ambavyo dawa ya artemisinini huviua polepole kuliko zamani. Dawa itumiwayo ovyo huwazoeza adui kuihimili, na tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba damu ipimwe kwanza ndipo dawa itolewe.

Kosa la pili hutokea alfajiri, na hili ndilo lenye hatari kubwa. Mtoto alichemka usiku, akatetemeka, akakataa uji. Saa kumi na moja baba anajiandaa kwenda kwenye paredi. Anamgusa mtoto, anaona amepoa. Labda mtoto alipewa dawa ya kutuliza homa usiku wa manane, nayo hushusha joto lakini haiui kimelea hata kimoja. Tena hiyo ndiyo saa ambayo joto la kila mtu liko chini, mzima kwa mgonjwa. Baba anasema, "Amepona, tutaona jioni," naye anakwenda kazini. Mama anakwenda sokoni. Siku nzima inapita, na ikifika jioni homa imerudi na jeshi kubwa zaidi.

Malaria ya aina ya falsiparumu, ambayo ndiyo iliyoenea zaidi hapa Uganda, huzaliana ndani ya chembe nyekundu za damu kwa mzunguko wa karibu saa 48. Kwa hiyo homa yake huweza kupanda na kupungua hali vimelea vinaongezeka. Mtoto mdogo aweza kutoka katika homa ya kawaida akaingia katika degedege au upungufu mkubwa wa damu kwa muda mfupi sana. Kwa sababu hiyo mwongozo wa tiba ya watoto unamtaka mhudumu wa afya amhesabu mtoto kuwa ana homa ikiwa joto lake la kwapani limefika digrii 37.5, au mwili wake una moto, au mzazi amesema alikuwa na homa hapo kabla. Maneno haya ya mwisho yakumbukwe na kila askari: homa ya jana usiku ni homa, hata kama asubuhi mtoto amepoa. Apelekwe akapimwe damu.

KIPIMO KISHINDE MAZOEA

Mji wa Mbale una ushahidi wake juu ya thamani ya kupima kuliko kufuata mazoea. Hospitali ya Rufaa ya Mbale ilikuwa miongoni mwa hospitali sita za Uganda, Kenya na Tanzania zilizoshiriki katika utafiti mkubwa ulioongozwa na Profesa Kathryn Maitland, na matokeo yake yakatolewa mwaka 2011. Zaidi ya watoto 3,100 wenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu walitibiwa kwa njia mbalimbali. Kwa miaka mingi madaktari wa dunia waliamini kwamba mtoto wa namna hiyo anastahili kumiminiwa maji mengi kwa haraka katika mshipa. Hesabu ilionyesha kinyume. Kati ya waliomiminiwa maji kwa haraka, karibu 10.5 kwa kila 100 walifariki katika saa 48 za kwanza; kati ya wale ambao hawakumiminiwa hivyo, walifariki 7.3 kwa kila 100.

Hatusemi kwamba mzazi abishane na daktari juu ya maji ya mshipani. Hiyo ni kazi ya daktari. Tunasema kwamba ikiwa mabingwa walikubali kusahihishwa na kipimo, basi nasi nyumbani tusione haya kuuweka mkono pembeni na kuchukua kipimajoto. Mkono wa mama waweza kutambua kwamba mtoto ana moto, lakini hauwezi kutaja kiasi chake, wala hauwezi kulinganisha joto la leo asubuhi na lile la jana jioni.

MAZOEZI YASIKATAZWE

Isije ikafikiriwa kwamba tunawashauri wazazi wawafungie watoto ndani ili joto lao lisipande. La hasha! Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate angalau dakika 60 za mazoezi ya nguvu kila siku, na wale wa mwaka mmoja hadi minne wapate angalau dakika 180 za kutembea na kucheza katika siku nzima. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2019 ulionyesha kwamba vijana 81 katika kila 100 duniani, wenye umri wa miaka 11 hadi 17, hawafikii kiasi hicho. Sisi tulio katika vikosi vya taifa tuna sababu ya kujali. John Akii-Bua, aliyeiletea Uganda medali yake ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki huko Munich mwaka 1972, alikuwa polisi. Joshua Cheptegei, mtoto wa Kapchorwa, aliyeshinda dhahabu ya Olimpiki mwaka 2021 na tena mwaka 2024, ni polisi pia.

Tena mchezo wa mchana huisaidia saa ya mwilini. Mtoto aliyepata nuru ya asubuhi na kukimbia mchana, hufika usiku akiwa tayari kulala. Usingizi huja vizuri joto linapoanza kushuka. Ndiyo maana viganja na nyayo za mtoto anayesinzia huwa na moto, kwani mwili unatoa joto lake nje kwa njia hiyo. Mtoto anayekaa mbele ya televisheni au simu mpaka saa sita usiku huipa saa yake habari za uongo kwamba bado ni mchana. Mtoto wa shule ya msingi ahitaji saa 9 hadi 12 za usingizi.

Lakini mazoezi yawe na amri nzuri. Tumewahi kuwaona watoto wakiagizwa kucheza kwata juani saa saba mchana, kiangazi cha Januari, eti wapate ukakamavu. Hilo halifai. Mwaka 2011 Chuo cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kilitangaza kwamba mtoto mwenye afya, akipewa maji ya kutosha na mapumziko, hashindwi na joto kuliko mtu mzima. Asiyepewa maji wala mapumziko yumo hatarini, na mtoto mwenye homa hana haja ya mazoezi kabisa.

LA KUFANYA NYUMBANI

Kwanza, kila nyumba iwe na kipimajoto, na mtoto apimwe kwapani. Akitoka mchezoni au kuoga, apumzike kivulini nusu saa kabla ya kupimwa.

Pili, mtoto anayeshukiwa kuwa na homa apimwe asubuhi na jioni, na tena wakati wowote mwili wake ukiwa na moto. Hesabu iandikwe katika daftari pamoja na saa, kama matukio yanavyoandikwa katika daftari la zamu. Dawa ya kutuliza homa ikitolewa, saa yake iandikwe pia. Daftari hilo liende pamoja na mtoto kwa mganga.

Tatu, asubuhi yenye ubaridi isitangaze ushindi. Mtoto aliyekuwa na homa usiku apelekwe siku hiyo hiyo kituo cha afya cha kambi, au kwa mhudumu wa afya wa kijiji, akapimwe damu.

Nne, zipo dalili ambazo hazingoji kipimajoto wala ruhusa: mtoto asiyeweza kunywa au kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyeshikwa na degedege, au aliyelegea asiamke vizuri. Huyo ni wa hospitali, usiku au mchana.

Tano, askari aliye zamu ahakikishe kwamba mkewe, au yeyote aliyebaki na watoto, anayajua haya na ana nauli mkononi. Homa ya mtoto haifuati ratiba ya kambi, na mara nyingi hupanda wakati baba yuko lindoni. Makamanda nao wana wajibu wao: askari anapoomba saa mbili za kumpeleka mtoto kupimwa, hata kama asubuhi hiyo mtoto anaonekana amepoa, asihesabiwe kuwa mtoro.